Kilo Themanini na Nne za Mchanga

Jumapili, Agosti 1992. Likoni.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kusi ambayo hayakuloweshi ukalowa wala hayakuachi ukauka. Mabati ya gereji yamelia mchana kutwa. Mgongo unaniuma, kucha zimejaa grisi, na nimelia mara moja tu, kwa hiyo siku haikuwa mbaya sana.

Leo nimepima gari.

Nijieleze, maana iko siku nitausoma ukurasa huu nimezeeka na nitajiona mwendawazimu. Gari ni lile jekundu la Athumani, mume wangu, la milango miwili. Alilivua kiti cha nyuma, mazulia na kila kisichokuwa na kazi, akawa analishindania kwenye kiwanja cha vumbi kule karibu na machimbo ya zamani ya Bamburi. Tulilipa jina la Pweza kwa sababu lilikuwa likiing'ang'ania ardhi kwenye kona wakati magari ya wenzake yanapepesuka. Kung'ang'ania huko hakukuja hivihivi. Kulitoka kwenye mizani.

Gari lina tairi nne na kila moja inabeba mzigo wake. Ukijumlisha mzigo wa tairi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto, unatakiwa upate sawa na ya mbele kushoto na ya nyuma kulia. Athumani aliiita hesabu ya mshazari. Isipolingana, gari linakubali kona za upande mmoja na kukataa za upande mwingine. Ni sawa na meza yenye mguu mfupi, mzigo wote unaangukia miguu miwili inayokabiliana. Basi chini ya kila springi pana nati kubwa. Ukiikaza, pembe ile inajitwika uzito pamoja na mwenzake wa mshazari, ukiilegeza, wanautua. Unazungusha kidogo, unalitikisa gari litulie, unapima. Unazungusha tena. Inataka subira, na mimi subira sikuzaliwa nayo.

Na dereva lazima awe kitini. Hapo ndipo penye shida yangu.

Dereva wangu yuko Uarabuni, mwaka wa tano sasa.

Mimi ni karani wa mizani. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye ghala la korosho na mbata za nazi hapa Likoni, penseli sikioni, naandika uzito wa magunia yanayotoka Kwale. Ndivyo tulivyojuana. Alikuja ghalani siku moja akaomba kuazima mizani mbili kwa Jumapili moja, akasema anataka kupima gari. Nilimcheka mbele ya wapagazi wote. Nikamuuliza kama gari lake nalo lina maganda tulimenyee. Hakukasirika. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka tajiri wa ghala akachoka akampa, kwa sharti kwamba karani aende akahakikishe mizani haziharibiwi. Nikaenda na dada yangu, kama adabu inavyotaka, nimenuna njia nzima.

Alikuwa ameshapanga kila kitu. Sakafu ya gereji aliisawazisha kwa mpira wa maji kama waashi wanavyofanya. Alichonga magogo mawili ya kimo kilekile cha mizani, ili tairi za mbele zikiwa juu ya mizani, za nyuma zikae juu ya magogo, halafu tubadilishe. Upepo wa tairi umepimwa, petroli nusu tangi. Akaingia akakaa kwenye usukani. Mimi nikachuchumaa kusoma. Nilipoinua kichwa nimwambie nimemaliza, nikamkuta ameshika pumzi, mashavu yamemvimba, anaogopa pumzi zake zitaharibu hesabu yangu. Kilo sitini na nane alikuwa siku ile, pamoja na viatu.

Nilimpenda palepale. Sidhani kama niliwahi kumwambia.

Mtu aliyekaa kitini hawezi kujisomea mizani. Ni kazi ya watu wawili, na sisi tuliifanya miaka sita. Alipopata kazi huko aliko, siku mbili kabla ya safari alijaza gunia mchanga, tukalipima likafika sitini na nane kamili, akalikalisha kitini na kulifunga mkanda. Akasema, "Zuhura, huyu ndiye mimi. Nikirudi nataka nikae tu, niwashe." Tukacheka sana. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile nahisi kama tulikuwa watoto.

Gari likisimama muda mrefu, springi zake hulala, na hazilali sawa. Kwa hiyo kila msimu wa kusi naazima mizani, naleta kwa mkokoteni, na kulipima upya Pweza akiwa na gunia lake kitini. Kila Ijumaa baada ya kazi naiwasha injini ingurume kidogo. Majirani wamezoea. Wapo wanaonionea huruma na wapo wanaonicheka, na siku nyingine nadhani wote wana haki.

Alisema miaka miwili. Akaongeza miwili. Mwaka jana, kwa simu ya jirani, nilimuuliza waziwazi, "Unarudi lini?" Akanyamaza. Nikasikia ule uvumi wa simu ya mbali, halafu laini ikakatika, na mpaka leo sijui kama ilikatika yenyewe. Niliapa sitamuuliza tena. Nina kiburi changu, na ndicho nilichobaki nacho ndani ya nyumba hii chenye kunipa joto.

Mwezi wa sita nikamuuliza kitu kingine. Nilimwandikia, una kilo ngapi siku hizi? Nikamwambia ni kwa ajili ya gari. Nusu yake ilikuwa kweli.

Jibu lilifika Alhamisi, kwa kaseti, mkononi mwa mtu wa mtaa huu aliyekuja likizo. Upande wa kwanza wote ni salamu, jina kwa jina, hadi imamu na muuza mbaazi. Upande wa pili, karibu na mwisho, sauti yake ikachangamka mno.

"Zuhura, umeniuliza kilo. Nimejipima juzi hapa kazini. Thamanini na nne, wallahi! Nimenenepa hadi mashati yanibana. Wewe ngoja, nikija hutanijua."

Mama alipiga vigelegele. Huyu ni mama yake Athumani, mama mkwe wangu, ninaishi naye, na dirisha la chumba chake linatazama gereji. Alifunga leso mbili na kutoka nyumba hadi nyumba kutangaza kilo za mwanawe. Aliporudi akasema kile kitambaa cheupe alichokiweka kabatini atampelekea fundi cherehani amshonee Athumani kanzu pana ya kumpokelea, maana zile za zamani hazitampita kifuani.

Pamoja na kaseti kulikuwa na picha. Mama ndiye aliyeidai, miezi mingi. Athumani amesimama nyuma ya mlango wa gari kubwa jeupe ambalo si lake. Mlango uko wazi na umemficha kuanzia kifuani kwenda chini. Anaonekana kichwa, mabega, na mkono mmoja alioulaza juu ya mlango. Anatabasamu. Ametabasamu sana.

Mimi hunidanganyi na gunia. Nimeona magunia ya mbata yaliyonyunyiziwa maji usiku kucha ili yazidi uzito asubuhi. Nimeona korosho zenye mawe katikati. Muuzaji wa gunia kama hilo huwa haliachi mkono. Husimama mbele yake na kukusemesha habari nyingi. Nililitazama lile tabasamu na ule mlango, nikajua mume wangu amelitia gunia maji.

Kisha nikaiona saa. Ile saa ya mkononi ya mkanda wa chuma. Haikuwa kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa imeteleza hadi karibu na kisukusuku.

Nimekaa na picha ile siku tatu. Sikumwambia mama kitu. Ningeanzaje? Mwanamke ana furaha kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa mfungo, mimi nani nimwambie ahesabu vizuri?

Na huku kwetu, mtu akitoka Uarabuni, kinachotazamwa kwanza ni mwili. Akishuka mnene, kila mtu anasema amefanya kazi. Akishuka mwembamba, watu wanamwambia karibu, halafu wakimpa mgongo wanaulizana alikuwa akifanya nini huko miaka yote. Athumani anayajua hayo. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, hapa barazani, kuhusu kijana mmoja aliyerudi na shingo kama ya korongo. Tulicheka sote. Mungu atusamehe.

Hapo ndipo nilipoipata ile "lini" niliyoapa kutoiuliza. Hana tarehe kwa sababu anangoja anenepe.

Basi leo asubuhi nikaingia gerejini na mizani zangu. Na hapa nakiri, kwa sababu nisipokiri kwenye karatasi sitakiri popote.

Nilimwekea themanini na nne.

Nilijua si kweli na bado nilichota mchanga, nikajaza gunia hadi likafika. Nilijiambia ndivyo alivyosema mwenyewe, na mimi karani naandika nilichoambiwa. Uongo mtupu. Sijawahi kuandika nilichoambiwa maisha yangu yote. Nilitaka tu, kwa saa chache, kuwa na mume wa kilo themanini na nne. Nilitaka kulivuta gunia zito, nikalikalishe, nilifunge mkanda na mkanda usinifikie vizuri. Gunia liliinamia usukani kama mtu aliyeshiba pilau. Nikalipigapiga begani.

Kisha nikafanya kazi. Jeki, mizani, magogo, spana. Mbele, nyuma, mbele tena. Nati ya nyuma kushoto ilikuwa imeshika kutu, nikaitia mafuta na matusi, ikakubali. Adhuhuri ikanikuta sijaswali, nikaenda nikarudi. Mpaka nikapata mia nne arubaini na tisa kwa mshazari mmoja, na mia nne arubaini na tisa kwa mwingine. Sawa kwa sawa. Sijawahi kulisawazisha vizuri hivyo, hata alipokuwepo.

Nikasimama nikaliangalia. Gari limekamilika, tayari kabisa, kwa mtu ambaye hayupo duniani.

Nikaketi sakafuni, na ndipo nilipolia.

Sikumsikia mama akiingia. Mama haingii gerejini. Anasema harufu ya petroli inampa kichwa. Nikamwona miguu kwanza, kandambili zake za bluu. Nikajifuta uso kwa mkono wenye grisi, nikainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamwekea ngapi?"

"Themanini na nne. Kama alivyosema."

Akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akalitazama gunia muda mrefu. Halafu mwanamke yule, mwenye miaka yake sitini na kitu na magoti yanayomsumbua, aliinama ndani ya gari akalikumbatia. Akalizungushia mikono yote miwili na kuuweka uso wake pale juu palipofungwa kamba. Nilitazama pembeni.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Toa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Toa mchanga, mwanangu. Ile saa naliinunua mimi. Ilikuwa yambana hadi yamwachia alama. Wewe hukuiona?"

Nikasema niliiona.

"Basi toa."

Kumbe tulikuwa wawili siku zote tatu, kila mmoja analinda furaha ya mwenzake. Vigelegele vile, zile leso mbili, nyumba hadi nyumba. Nikamuuliza, na kile kitambaa cha kanzu? Akasema kiko palepale kabatini, fundi hakupelekewa wala hatapelekewa mpaka mwenye mwili aje apimwe.

Nikachukua kopo nikafungua gunia. Nachota, namwaga ndooni. Nachota, namwaga. Kila baada ya muda mama ananisimamisha, anafunga gunia kwa mkono, analikumbatia, anatikisa kichwa. "Bado." Tena. "Bado." Mizani yake haina namba na siyo ya kuazima. Mimi nilikuwa nimeshaandika yangu kwa penseli kwenye gogo, tangu Ijumaa, kwa jicho tu, kutoka kwenye picha. Sitini. Sikumwonyesha.

Gunia likaanza kulegea. Mabega yake yakashuka. Likawa linaegemea mlango. Mkono wangu ulianza kuwa mzito kwenye kopo na mama akaona, akasema, "Toa, Zuhura, usimwonee haya. Ndiye wetu."

Safari ya mwisho alilikumbatia kwa muda kuliko zote. Hakutikisa kichwa. Akalipangusa vumbi kama anavyompangusa mtoto aliyetoka kucheza, akasema, "Basi. Huyu ndiye."

Tukalishusha pamoja tukaliweka kwenye mizani. Hamsini na tisa.

Tumepishana kilo moja, mimi na yeye. Nimefuta yangu kwenye gogo na kuandika ya mama.

Alikaa nami hadi nikamaliza, juu ya kigoda, leso kichwani, akilalamika juu ya harufu. Nilipolirudisha gunia kitini na kupima upya, kilo ishirini na tano zote zile zilizotoka kitini zilileta tofauti ya kilo tatu tu kwenye mshazari. Mia nne thelathini na tano huku, mia nne thelathini na nane kule. Athumani angesema niache, kilo tatu dereva hazisikii hata akiwa na masikio kwenye makalio. Ni kweli, hazisikii. Gari lingekwenda vilevile.

Mimi ninazisikia.

Nikazungusha nati ya mbele kulia robo, nikalitikisa, nikapima. Robo nyingine ndogo. Mama akaniuliza nahangaikia nini, nikamwambia nahangaikia mwanawe, akasema, "Haya, hangaika." Ikalingana. Mia nne thelathini na sita na nusu, pande zote mbili. Nikalifunga gunia mkanda. Safari hii ulifika, na ukabaki mwingi wa kuvuta.

Wakati wa alasiri tulikunywa chai ya tangawizi mlangoni mwa gereji, tukitazama manyunyu. Mama hakumtaja tena. Aliniambia tu kwamba Athumani alipozaliwa alikuwa mdogo hadi mkunga akakataa kumpongeza, na kwamba yeye hakuona kasoro yoyote.

Sasa niko mezani. Barua zangu kwa kawaida hujaza kurasa nne, mbele na nyuma, habari za mtaa, nani kaoa, nani kaachwa, bei ya nazi. Hii haikutaka kurefuka. Nimeiandika mara moja bila kufuta. Inasema hivi:

"Athumani, salamu kutoka kwa mama. Kaseti imefika na picha imefika. Leo nimelisawazisha gari kwa kilo hamsini na tisa. Mama mwenyewe amehakikisha. Kiti kimewekwa hivyo, na ukila ukazidi utanipa kazi ya kulipima upya. Njoo hivyohivyo ulivyo. Zuhura."

Nimeisoma kwa mama. Akasema niongeze kwamba kanzu zake za zamani zote amezifua.

Nimeongeza.

Nafsi yangu, je, ni kumwaibisha mtu, kumwambia umemwona? Au ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumfungulia mlango? Sijui. Najua kwamba kwa miaka hii yote nimekuwa nikimtamani yule wa kilo sitini na nane, aliyeshika pumzi, na yule hatarudi hata huyu akirudi. Leo kwa mara ya kwanza nimemtamani huyu. Mwembamba, mwongo, mwenye saa iliyopanda mkononi.

Kesho narudisha mizani ghalani, halafu nitavuka feri niitie barua posta kabla moyo haujanigeuka. Sikumuuliza lini. Gereji nimeiacha wazi, mvua haiingii.